Mbwa Aliyerudishwa Mara Mbili

Siku ya kwanza ya kujitolea kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, Fundi alifika amevaa blauzi ya hariri. Usimcheke bado. Mtu aliyejifungia chumbani miezi minane akimlilia mwanamume, siku akitoka hana akili ya kuchagua nguo. Katika kabati lake zima, ile blauzi ya rangi ya maziwa ndiyo pekee ambayo mwanamume huyo hakuwahi kuiona, na asubuhi ile Fundi hakutaka kutembea barabarani na kitu chochote kilichowahi kuguswa naye.

Aliyemsukuma ni dada yake mkubwa. Dada alikuwa amevumilia mlango uliofungwa, sahani zilizorudi jikoni kama zilivyokwenda, na wateja wa mapazia waliokuja kuulizia vitambaa vyao wakaambiwa fundi anaumwa. Mwishowe maji yalimfika shingoni.

"Mdogo wangu, kama ni kulia, nenda ukawalilie wenye manyoya," alimwambia akifungua dirisha kwa nguvu. "Wale angalau hawatakusimulia kwa watu."

Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa mabuti ya mpira, na rundo la funguo kiunoni lililokuwa likilia kila alipopiga hatua. Kila mtu alimwita Mama Funguo. Aliitazama ile hariri kuanzia kola hadi pindo.

"Umekuja kufanya kazi au kuposwa?"

"Kujitolea, mama."

"Haya. Unataka kazi gani?"

"Yoyote tu, mtakayonipangia."

"Kazi inayoitwa yoyote hapa hatuna. Kuna kufua matandiko, kuna kuosha mabanda, kuna kulisha, kuna kutembeza. Unataka ipi?"

Fundi akatabasamu kwa adabu, lile tabasamu lake la kuweka mikono mbele na kuinamisha kichwa kidogo. "Yoyote, mama. Mimi sina shida."

"Watu wasio na shida ndio wanaonipa shida," alisema Mama Funguo, akamtupia aproni ya plastiki na ndoo.

Basi akaosha mabanda. Alisugua sakafu kwa brashi ngumu, akamwaga dawa, akabeba matandiko yaliyolowa hadi kwenye karo la kufulia. Matandiko yenyewe yalimuuma macho kama fundi. Yalikuwa magunia yaliyokatwa ovyo bila pindo, yakifumuka nyuzi kila yalipofuliwa. Kufikia saa nne mikono ilikuwa inawaka, na kwa mara ya kwanza tangu aachwe, saa nzima ilikuwa imepita bila kumkumbuka yule mtu. Alipotambua hivyo, ndipo akamkumbuka.

Banda la tisa lilikuwa na mbwa mmoja mkubwa, mwekundu, mwenye mvi mdomoni na jicho moja lililofunikwa na ukungu. Alilala kifudifudi na hakujisumbua kumtazama. Mlangoni paliangikwa kadi yake, na Fundi akaisoma huku akisukuma maji. Mbwa huyo aliitwa Mstaafu, kwa kuwa alikuwa mlinzi wa kiwanda cha magodoro hadi kiwanda kilipofungwa na wenyewe wakaondoka bila yeye. Alikuwa ameshachukuliwa na watu mara mbili, na mara zote mbili akarudishwa. Mara ya kwanza waliandika sababu: analala sana. Mara ya pili: mama wa mwenye nyumba hampendi.

Fundi aliegemea mpini wa brashi akaisoma tena sababu ile ya pili.

"Kumbe tuko wawili," alimwambia.

Mstaafu aliguna akageukia ukutani.

Kabla hata hajakausha mikono, Mama Funguo alimwita kwenye chumba cha mazungumzo. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza ya mbao, viti viwili vinavyotazamana na dirisha kubwa lisilo na pazia, kwa hiyo jua lilikuwa limejimwaga mezani lote. Mama Funguo alimwekea mbele yake fomu na kalamu.

"Kuna mtu anamtaka Mstaafu. Utamhoji wewe."

"Mimi? Mimi nimeingia leo."

"Ndiyo utaratibu wetu. Maswali huulizwa na mgeni. Sisi wakongwe tumeshawapenda hawa wanyama, hatuaminiki. Mmoja anataka mbwa atoke hata kwa jambazi, mwingine hataki atoke hata kwa malaika. Wewe huna upande." Akaigonga fomu kwa kidole. "Unasoma swali kama lilivyoandikwa, unaandika jibu kama lilivyosemwa. Usitie chumvi, na usiruke swali hata moja. Hapa chini kuna maoni ya mhoji. Kwa mbwa wengine huwa ni ushauri tu. Kwa aliyerudishwa mara mbili, ndiyo hukumu. Ukiandika hapana, huyu hatoki tena, atafia banda la tisa."

"Hata akija mwingine?"

"Hata akija nani. Tulimtoa mmoja mara ya tatu, akarudishwa, akagoma kula mpaka tukamzika. Sitaki kuona tena jambo lile."

"Mama, jambo kubwa hivi, kwa nini mimi?"

"Si ulisema yoyote?"

Akatoka, funguo zikamfuata. Fundi aliketi, akanyoosha fomu, akasikia mlango ukifunguliwa tena na Mama Funguo akisema pita, pita ndugu yangu. Aliponyanyua macho, kalamu ilimponyoka.

Alikuwa yeye, Mfamasia. Alivaa shati lile la mistari, alilopunguza Fundi mikono kwa mkono wake mwenyewe, na miwani ileile iliyoteleza puani. Alikuwa amekonda kidogo. Fundi alichukia kwamba macho yake yaliona hilo kwanza, kabla ya kuona hasira yake mwenyewe. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana, na aliuonea haya.

Mama Funguo aliwatazama kwa zamu. "Mnafahamiana?"

Mfamasia akatazama sakafu. Miaka mitatu yote ilikuwa hivyohivyo. Swali likiulizwa, yeye hutazama sakafu, na Fundi hujibu kwa niaba ya wote wawili.

"Nilimshonea mama yake mapazia," alisema Fundi. Hapakuwa na neno la uongo hapo.

"Vizuri, basi mtasikilizana. Namleta mbwa."

Walipobaki peke yao, Mfamasia hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, mikono iliyozoea kuhesabu vidonge, safi hadi kwenye kucha.

"Fundi. Sikujua uko hapa."

"Nimeanza leo."

"Haifai unihoji wewe. Mwambie akubadilishe."

"Mwambie wewe."

Alitazama mlango. Kisha akavuta kiti akakaa, na Fundi alipomwona anakaa, alijisikia kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Hiyo blauzi sijawahi kuiona," alisema Mfamasia polepole.

"Ndiyo maana nimeivaa." Akaokota kalamu. "Swali la kwanza. Jina na kazi."

"Unajua."

"Nimeambiwa niandike kama lilivyosemwa."

Akayataja majina yake yote matatu, kama yuko mbele ya karani, na kazi yake. Fundi aliandika bila kumtazama. Mkono wake ulilijua jina hilo vizuri kupita kiasi; ulikuwa umelijaribu mara nyingi pembezoni mwa karatasi za vipimo, likiwa limeunganishwa na lake.

"La pili. Unaishi nyumba ya aina gani, na ina uzio?"

"Ileile. Uzio upo."

"La tatu. Taja watu wote wanaoishi hapo."

"Mimi na mama." Alivua miwani akaanza kuisugua kwa ncha ya shati. Fundi aliacha kuandika. Hiyo miwani ilisuguliwa tu pale mwenyewe alipokuwa na neno ambalo angependa mtu mwingine alitamke. "Na mke wangu."

Nje mbwa mmoja alibweka, na wengine wakamwitikia.

"Una mke."

"Mwezi ujao."

"Basi ni mchumba. Niandike mchumba au mke?"

"Fundi."

"Nakuuliza kwa ajili ya fomu."

"Mchumba."

Akaandika mchumba. Herufi zilitoka nzuri, za duara, kama za mtoto anayetaka kusifiwa. Miezi minane. Yeye alikuwa bado anachagua blauzi kwa kumkimbia mtu huyu, naye mtu huyu alikuwa ameshapata nafasi ya kuchumbia na kupanga tarehe. Alitamani aulize ni nani, ni mrembo kiasi gani, anacheka vipi.

Mama Funguo alimwingiza Mstaafu, akamfungua kamba, akaondoka tena bila neno. Mbwa aliyekuwa amemgeuzia Fundi mgongo asubuhi nzima alivuka chumba moja kwa moja, akanusa viatu vya Mfamasia, akajibwaga juu yavyo na kuvuta pumzi ndefu.

"Anakujua."

"Tunakuja kila Jumamosi, wiki ya tano sasa. Mchumba wangu ndiye aliyemchagua. Leo yuko kazini." Hakulitaja jina lake, na Fundi alimshukuru kimoyomoyo, kisha akajikasirikia kwa kushukuru.

"La nne. Je, kuna mtu nyumbani asiyekubali mnyama huyu aje? Kama yupo, eleza sababu anazotoa."

"Mama."

"Sababu."

"Anasema ni mzee. Anasema hatujui ametoka wapi. Anasema watu watatushangaa, wakati tungeweza kupata aliye bora."

Fundi aliandika kila neno. Ni mzee, hatujui ametoka wapi, aliye bora. Yeye alimzidi Mfamasia miaka mitatu, na mama yule hakuacha siku ipite bila kuihesabu. Sebuleni, chini ya mapazia yaliyoshonwa na mikono ya Fundi, mama alikuwa amewaambia wageni kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba mwanawe hakukesha na vitabu miaka yote ile ili aje kuoa cherehani. Fundi alikuwa jikoni hapohapo, akiwaandalia wageni hao chai.

"Amesahau cherehani tu," alisema.

"Tafadhali."

"Sijaiandika hiyo. Swali la tano. Umewahi kulea mnyama kisha ukamwacha?"

"Hapana."

"Mnyama, hapana," alisema Fundi taratibu, akiandika.

Mfamasia alimtazama basi, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Yale macho yalikuwa bado na ule upole uliomponza. Siku za mwanzo, alipokwenda dukani kwake kutafuta dawa ya mafua, macho hayo ndiyo yaliyomrudisha kesho yake bila mafua. Kwa muda mfupi alikumbuka yote. Alikumbuka alivyokuwa akimsubiri mlangoni mwa duka jioni, Mfamasia akivuta lango la chuma, alivyomshika kiganja kwa siri chini ya meza, alivyomwambia kwamba sauti ya cherehani yake humpa usingizi. Akayasukuma chini.

"La sita. Mnyama akiugua, nani atamhudumia?"

"Mimi."

"La saba." Akasoma lote kwa macho kabla ya kulitamka, na sauti ikamtoka ndogo. "Aliyekataa akiendelea kukataa, utafanya nini?"

Hakuhitaji kusubiri jibu. Alikuwa amelisikia miaka mitatu, asubuhi na jioni. Tumpe muda. Wewe unamjua mama. Subiri kidogo tu. Kalamu ilikuwa imeshaanza yenyewe, imeshaandika "Tumpe" hapo kwenye mstari, Mfamasia aliposema,

"Nitahama."

Fundi alinyanyua kichwa.

"Rudia."

"Nitahama. Nimeshapata nyumba, vyumba viwili na ua. Nilimwambia mama wiki iliyopita. Akimkubali mbwa tunabaki naye, asipomkubali tunahama siku hiyohiyo."

"Wewe umemwambia mama yako hivyo."

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wako."

"Alilia siku mbili. Sasa anasalimia." Alijaribu kutabasamu. "Hajafa."

Fundi alilikata lile neno "Tumpe" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "Nitahama." Halafu akaiweka kalamu chini kwa uangalifu mkubwa.

"Kwa ajili ya mbwa," alisema.

"Si mbwa tu."

"Kwa ajili ya mbwa mzee mwenye jicho moja. Mimi ulinipa miaka mitatu ya subiri kidogo. Nilimshonea mapazia manane, yenye bitana, akasema yamepinda, nikayashusha nikayarudia. Nilimpeleka hospitali wewe ukiwa safarini. Siku uliponiita pale dukani ukaniambia huwezi, huwezi kumvunja moyo mama yako, mimi ndiye niliyekubembeleza. Unakumbuka? Mimi ndiye niliyekwambia usijali."

"Nakumbuka."

"Kumbe ulikuwa unaweza."

Mfamasia aliinama akamshika Mstaafu sikio, si kwa kumbembeleza, bali kama mtu anayetafuta pa kushika. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya kujitetea, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mchumba wangu aliniambia wiki ya kwanza ya uchumba wetu. Alisema, mimi siingii nyumba ambayo mama yako ndiye anayeamua nani aingie. Chagua, na unipe jibu Ijumaa. Nilidhani nitakufa. Ijumaa nikampa jibu. Wewe hukuwahi kuniomba."

"Nini?"

"Hukuwahi kuniambia nichague. Siku ile mama alipowaambia wageni yale maneno, nilikufuata jikoni. Nilikuwa nimeamua niseme naye. Ulikuwa umeshika birika. Uliniambia, usigombane na mama yako kwa ajili yangu."

Jua la dirishani lilimpiga Fundi usoni, naye hakusogea. Alilikumbuka birika. Alizikumbuka hata nyuso za wageni. Alikuwa amesema maneno hayohayo, na aliyasema kwa fahari, akijiona mwanamke mwenye adabu kuliko wote waliowahi kusimama kwenye jiko lile. Alimtazama Mfamasia akigeuka na kurudi sebuleni, akahesabu kwamba amewekeza kitu ambacho siku moja atalipwa kwa upendo.

"Kwa hiyo kosa ni langu," alisema. "Nilikuwa mpole, basi nikaachwa."

"Sijasema hivyo."

"Mtu akizama, wewe unasimama ukingoni unamngoja akuombe?"

Mfamasia akatazama sakafu.

"Niambie. Nilikuwa nazama mbele yako miaka mitatu. Hukuona?"

"Niliona." Alivaa miwani yake, akaitengeneza puani. "Niliona, lakini ukinitazama ulikuwa unatabasamu, nami nikajiambia kama anatabasamu basi si vibaya sana. Nikiwa na wewe nilijiona mtu mwema bila kufanya lolote. Yeye hanipi nafasi hiyo."

Mfamasia angempigia magoti, angelia, angemwambia bado anampenda, pengine Fundi angepata pa kumshikia. Lakini mtu huyu alikuwa anasema ukweli tu, mweupe kama fomu, na ukweli huo haukumwachia hata kitu kimoja cha kwenda nacho nyumbani.

Akavuta karatasi karibu. Palibaki sehemu moja. Maoni ya mhoji: mnyama apewe mwombaji, ndiyo au hapana, toa sababu.

Hapana ni neno fupi. Angeliandika, na wiki ijayo yule mwanamke wa Ijumaa angekuja na kukuta mlango umefungwa. Angalau mara moja maishani mtu angelia katika nyumba ile kwa sababu ya Fundi. Mkono ulimwasha. Alijua hakuna atakayemuuliza, kwani yeye ndiye asiyekuwa na upande.

Mstaafu alihema usingizini, akasukuma mdomo wake wenye mvi ndani zaidi, kati ya viatu viwili vya Mfamasia. Huyu alikuwa ameshasikia hapana mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyemwuliza.

"Huyo mchumba wako," alisema Fundi. "Anampenda kweli mbwa huyu?"

"Siku ya kwanza alikaa naye sakafuni saa nzima. Mbwa alikuwa amelala muda wote."

Fundi alifumba macho, akayafumbua, akaandika. Alipomaliza aliigeuza fomu kifudifudi na kumwita Mama Funguo. Yule mama aliisoma akiwa amesimama, midomo ikimcheza, hadi akafika chini.

"Ndiyo," alisoma. "Sababu: akiombwa, anaweza." Akamtazama Fundi. "Hii nayo ni sababu gani?"

"Ndivyo alivyo, mama. Nimeandika kama nilivyomwona."

Mama Funguo aligonga muhuri, akaenda kumtafutia Mstaafu kamba mpya, na Fundi akaambiwa awasindikize hadi getini, kwa kuwa huo nao ni utaratibu.

Walitembea watatu kando ya mabanda, mbwa katikati, kama familia. Getini Mfamasia alisimama. Alikuwa na ule uso wake wa kuagana, uso wa kutaka asamehewe haraka ili awahi.

"Asante. Ungeweza kuniharibia."

"Najua."

"Kama kuna kitu chochote ninachoweza kukufanyia, Fundi. Chochote."

Hakuna, usijali. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini, yamekaa tayari, na mikono yake ilikuwa imeshajiweka mbele kwa adabu. Aliyameza. Yalishuka kwa shida kama kidonge kisicho na maji.

"Nataka mapazia yangu," alisema.

"Mapazia?"

"Ya sebuleni kwa mama yako. Yote manane."

Alipepesa macho. "Yanatumika. Yametundikwa pale."

"Najua. Nimeyatundika mimi."

"Fundi, mama akiona..."

"Nayataka kesho asubuhi."

Alisubiri. Alisubiri aambiwe atulie, aambiwe wampe mama muda, aambiwe anamjua mama alivyo. Roho yake yote ilisimama pale getini kumwomba amkatalie, maana angemkatalia, angekuwa bado ni yule aliyeshindwa, yule asiyeweza, ambaye mtu angeweza kumlilia bila aibu.

"Sawa," alisema Mfamasia. "Kesho asubuhi." Na akavuka barabara na mbwa wake.

Siku ya pili Fundi alikuja na gauni kuukuu la kazi. Mama Funguo alikuwa getini, na miguuni pake palikuwa na furushi kubwa lililofungwa kwa shuka.

"Yule mtu wako wa mapazia," alisema. "Nimemkuta hapa kabla sijafungua. Shati limechomoka, macho mekundu. Akaniachia hili akaondoka."

Fundi alilibeba hadi chumba cha kufulia, akalifungua juu ya meza ya kukunjia. Yalikuwa yote manane, ya kijani, yenye bitana. Vishikizo vilikuwa bado vimo kwenye mikunjo ya juu, na mawili yalikuwa yamechanika pale yalipovutwa. Hakuyashusha kwa ngazi, basi. Aliyang'oa. Fundi aliiona sebule ile ikiwa uchi, jua limeingia hadi kwenye makochi, na mama mtu amesimama katikati akipiga kelele, na yule mwanamume akivuta moja baada ya jingine bila kutazama sakafu.

Miezi minane alikuwa amelala na neno moja tu, kwamba hakuweza. Mtu wa watu, mikono yake ilifungwa, alipenda lakini hakuweza. Hilo lilikuwa tandiko lake. Sasa ombi moja, la kwanza katika miaka yote ile, lilikuwa limetimizwa kabla hata ya saa mbili asubuhi. Alikuwa anaweza. Siku zote alikuwa anaweza.

"Leo unataka kazi gani?" aliuliza Mama Funguo kutoka mlangoni.

"Nataka kushona matandiko," alisema Fundi. "Na nataka mkasi mkubwa."

"Vitambaa vizuri hivi unavikatia mbwa?"

"Nataka mkasi, mama."

Akaletewa. Alianza na lile aliloambiwa limepinda, lile alilolirudia. Pindo lilikataa kukatika. Alikuwa amelishona mara mbili wakati ule, kwa uzi mnene, ili lidumu, na ilibidi aushike mkasi kwa mikono yote miwili. Alilia akikata, na wenye manyoya, kama dada alivyosema, hawakumsimulia mtu.